Kipindi kimeisha hewani, sasa kaeni: namna ya kutathmini kipindi cha moja kwa moja mkiwa timu

Nimeandika hatua hizi baada ya kukaa na kundi la wanafunzi wa uandishi wa habari waliorusha kipindi cha saa nzima moja kwa moja, kisha wakatakiwa kuleta ripoti: moja ya kundi, na nyingine ya kila mtu peke yake. Kipindi chenyewe kilikwenda vizuri tu. Ripoti ndiyo iliyowatoa jasho, maana kila mmoja alikuwa na kipindi chake kichwani. Watangazaji walikumbuka mgeni, fundi mitambo alikumbuka maiki, mtayarishaji alikumbuka mshale wa saa. Uwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) unatumia redio ya chuo, Mlimani FM, au chuo ambacho redio yake ni kompyuta moja na intaneti, kazi ni ileile.

Hatua ya 1: Rekodini sehemu mbili

Rekodi moja itoke kwenye mikisa, ile mashine ya studio inayochanganya sauti zote, nyingine itoke hewani. Hiyo ya hewani haihitaji makuu. Simu inayorekodi kando ya redio ndogo inatosha. Ya mikisa ni safi, lakini inaonyesha mlichokitoa nyinyi, siyo alichokipata msikilizaji. Umeme ukikatika, mikisa ikawa kwenye betri ya akiba lakini mtambo wa kurushia matangazo hauko kwenye betri hiyo, rekodi ya mikisa itawaambia mambo yalikuwa shwari kabisa.

Hatua ya 2: Msijadili kwanza

Mkitoka studio, kila mtu achukue karatasi aandike anachokumbuka, na takribani ilikuwa dakika ya ngapi. Bila kuchunguliana, na bila kuandika kwenye grupu la WhatsApp. Huko wa kwanza kuandika ndiye anayewapangia wengine kumbukumbu. Kusanyeni karatasi, nendeni mkale.

Hatua ya 3: Tengenezeni jedwali la dakika

Hapa ndipo muda unapopotelea, na hapa ndipo watu wanaporuka.

Fungueni rekodi ya mikisa kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kurekodi na kuhariri sauti. Ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta iliyochoka. Sipendi kusikiliza kwa simu, kwa sababu mkirudisha nyuma mnapotea, na ukimya hauonekani. Kwenye Audacity ukimya ni mstari mnyoofu, mnauona kabla ya kuufikia. Sauti ikiendelea kucheza, bonyezeni Ctrl na M, lebo itawekwa papo hapo, muandike: "wimbo unaingia", "mpiga simu wa kwanza", "kimya". Mwishoni lebo zote zinatoka kama faili la maandishi. Msishtuke mkikuta muda uko kwa sekunde: 1,530 ni dakika ya 25 na sekunde 30.

Jedwali liwe na safu nne: muda, kilichosikika hewani, kilichokuwa kikiendelea studio, na kilichokuwa kwenye mwongozo wa kipindi. Safu ya "nani amekosea" isiwepo. Safu ya tatu haitoki kwenye rekodi, kwa sababu ishara za mikono na maneno ya nyuma ya kioo hayarekodiwi. Inatoka kwenye zile karatasi, ndiyo maana zinatangulia.

Halafu kuna suala la saa. Saa ya ukutani studio, ya kompyuta na ya simu hazikubaliani hata siku moja. Chagueni moja iwe hakimu. Kama kipindi kinafuata taarifa ya habari, mlio wa saa kamili umo ndani ya rekodi. Hapo ndipo sifuri yenu, vingine vyote mjumlishe au mtoe.

Mkirusha kwa intaneti, zidisheni uangalifu. Matangazo ya intaneti yanamfikia msikilizaji kwa kuchelewa, sekunde kadhaa hadi nusu dakika na zaidi. Kwa hiyo ujumbe wa msikilizaji unazungumzia jambo lililokwisha kupita. Hili ndilo lililowagonganisha wale vijana. Mgeni alianza kuongea maiki yake ikiwa imefungwa. Fundi akaona, akapandisha fada (kitelezi cha sauti ya maiki kwenye mikisa), mgeni akasikika. Sekunde chache baadaye ujumbe ukaingia: "Hatumsikii mgeni!" Mtayarishaji akausoma, akamwambia fundi, "Kaka, mgeni hasikiki, ongeza." Fundi akadhani labda ni kweli, akazungusha geini (kitufe cha kukuza sauti inayoingia kutoka kwenye maiki), sauti ya mgeni ikaanza kupasuka. Kwenye kikao kila mmoja alikuwa na hakika mwenzake ndiye aliyeharibu. Jedwali lilipokamilika, ikaonekana kila mmoja alifanya jambo la busara kwa taarifa aliyokuwa nayo. Kilichokosekana ni fundi kusema kwa sauti, "Nimeshafungua."

Msigawane rekodi vipande ili mmalize haraka. Kila mtu atajua robo saa yake, na hakuna atakayejua ni kwa nini dakika ya 40 mlianza kukimbizana na muda. Sababu yake mara nyingi iko dakika ya 12. Sikilizeni pamoja, na anayeshika kompyuta awe mtu ambaye hakusikika hewani.

Hatua ya 4: Chagueni matukio matatu

Siyo kumi. Moja kati ya hayo liwe lililokwenda vizuri, na mlichambue vilevile, maana vizuri navyo vina sababu.

Simu za wasikilizaji hazikosi kutoa moja. "Naomba upunguze sauti ya redio yako hapo ulipo" ikisemwa hewani mara tatu, tatizo haliko kwa mtangazaji. Anayepokea simu ndiye aliyepaswa kulisema kabla ya kuunganisha. Na kama mpiga simu anajisikia mwenyewe hata baada ya kuzima redio, angalieni sauti inayorudishwa kwenye laini ya simu: inatakiwa iwe na kila kitu isipokuwa sauti yake yeye.

Hatua ya 5: Ongeeni

Fundi aanze. Watangazaji wakianza, fundi hapati nafasi. Tajeni dakika, siyo mtu.

Hatua ya 6: Ripoti ya kila mmoja

Walimu wengi wanataka duara la Gibbs la mwaka 1988, mfumo wa kutafakari jambo ulilolifanya, wenye hatua sita, kuanzia maelezo ya tukio hadi mpango wa utekelezaji. Si baya. Wanafunzi wanaharibu kwenye sehemu ya hisia, wanajaza "nilifurahi sana kushirikiana na wenzangu" na kurasa zinaisha. Chukua tukio moja kwenye jedwali ulilohusika nalo, andika uliamua nini, dakika gani, ukiwa unajua nini na hujui nini. Woga uliokufanya usiulize ndiyo hisia inayostahili kuandikwa.

Hatua ya 7: Badilisheni mwongozo siku hiyohiyo

Kila tukio litoe mstari mpya kwenye mwongozo wa kipindi. Kwa wale vijana mmoja ulikuwa "fundi anajibu kila agizo kwa sauti". Mwingine ulihusu muda: waliandika upya mwongozo wakianzia mwisho. Taarifa ya habari ni saa 11:00 jioni. Jingo (kile kipande kifupi cha muziki cha utambulisho) ya kufunga sekunde 30, wimbo wa mwisho dakika 3 na sekunde 40, kuaga sekunde 50. Jumla dakika 5. Basi mahojiano yanakatwa saa 10:55, mgeni awe amefika patamu au hajafika. Saa hiyo iandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye nakala ya fundi na ya watangazaji pia, na nakala za zamani zichanwe, la sivyo wiki ijayo mmoja ataingia nayo studio.