Umepewa ofisi ya unasihi chuoni? Anzia hapa

Kama ndo umeajiriwa juzi kuwa mnasihi wa chuo, cha kwanza pigania chumba. Usikubali kukaa korido moja na mlezi wa wanafunzi, maana pale ndo foleni ya kusaini bumu, hela ya mkopo, ilipo, mtu akionekana anaingia kwako jioni hosteli nzima inajua. Mimi nilikaa wiki tatu bila mtu nikadhani hawana shida, kumbe wananikwepa, nilipohamia chumba cha nyuma ya maktaba wakaanza kuja mmoja mmoja.

Na mwanafunzi hatakuja akakwambia nina sonona, huzuni ile iliyofika kuwa ugonjwa. Atakuja anaulizia kuahirisha mwaka, au ana sapu tatu, mitihani ya kurudia, anaogopa kudisko, yaani kuondolewa chuo, au kichwa hakiachi kuuma na zahanati wanampa Panadol tu. Usikimbilie kumtatulia sapu. Muulize analala saa ngapi, leo amekula nini, nyumbani nani anajua. Hapo kwenye kula ndo utasikia mengi, bumu limeisha wiki ya pili kwa sababu nusu katuma ada ya mdogo wake, na yeye ndo wa kwanza ukoo mzima kufika chuo, anaanzaje kumpigia mama kumwambia amefeli.

Kuhusu siri mwambie ukweli mapema: sipeleki kwa mlezi, kwa lekchara wala kwa mzazi, ila nikiona uhai wako uko hatarini nitamshirikisha mtu na wewe utakuwa wa kwanza kujua. Ukimwambia kila kitu ni siri ili tu afunguke, siku ukilazimika kusema humpati tena yeye wala rafiki zake.

PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona, ina maswali 9, kila moja 0 hadi 3, inaulizia wiki mbili zilizopita. Msomee, usimpe akajaze kwenye benchi nje. Swali la 9 ni la kujidhuru, hata jumla ikiwa 4 tu, akijibu hapo chochote zaidi ya 0 simama hapohapo umuulize kuhusu kujiua.

Wengi tunakwama kwenye kuuliza. Unasema "lakini huna mawazo mabaya, eti?" na mtoto wa watu kwa heshima anakujibu hapana. Uliza "umewahi kufikiria kujiua?" kwa sauti yako ya kila siku, kuuliza hakumpandikizii hilo wazo. Kuna binti alikuwa anabandua lebo ya chupa ya maji kidogo kidogo, nilipouliza mikono ikasimama, akasema ndiyo, tangu juzi. Hapo usihubiri dhambi. Muulize kama ameshapanga na lini, usimwache peke yake hata dakika, mtafuteni mtu anayemwamini, na hospitali mwende leo leo. Wengine wananyamaza kwa sababu ya kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kwa hiyo mwambie wazi kwamba kuwa na mawazo hayo na kuyasema si kosa.

Ukitaja daktari wa akili yeye anasikia Milembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Mweleze kwamba hata Muhimbili kuna kliniki, mtu anaonwa, anapewa dawa kama anahitaji, anarudi darasani. Mara ya kwanza nenda naye, kaa naye kwenye benchi mpaka aitwe. Jumatatu mtumie meseji, "umeamkaje?", bila kuongeza kingine.