Jinsi ya Kuomba na Kutekeleza Mabadiliko ya Nambari ya Mtumiaji na ya Kundi katika Linux

Linux haimjui mtu kwa jina. Kila faili hubeba nambari ya mwenyewe na nambari ya kundi, na jina linaloonekana kwenye skrini hutafutwa tu katika /etc/passwd na /etc/group. Ndiyo maana faili za asha mwenye 1001 huweza kuonekana ni za juma kwenye seva nyingine inayozishiriki kwa NFS (njia ya kushiriki faili kupitia mtandao), ikiwa huko 1001 ni ya juma.

Anayetaka nambari yake ibadilishwe amwandikie msimamizi wa mfumo, akitaja jina la akaunti, nambari ya sasa kama inavyotolewa na amri `id`, nambari anayoiomba, seva zinazohusika na saa ambayo hatakuwa ameingia. Saa hiyo ni ya lazima, kwa kuwa `usermod` hukataa kazi iwapo mtumiaji ana mchakato unaoendelea.

Tuseme asha anaomba 2005 badala ya 1001, kwa akaunti yake na kwa kundi lake lenye jina hilohilo. Msimamizi aendeshe `getent passwd 2005` na `getent group 2005`. Zikinyamaza zote mbili, nambari iko huru. Zilizo chini ya 1000 asiziguse, maana huachiwa mfumo wenyewe. Akishachukua nakala rudufu, aorodheshe faili zenye ruhusa maalumu (setuid na setgid, zinazoipa programu mamlaka ya mwenye faili au ya kundi), kwa sababu `chown` huweza kuzifuta ruhusa hizo kimyakimya:

`find / -xdev \( -uid 1001 -o -gid 1001 \) -perm /6000`

Ndipo aendeshe `groupmod -g 2005 asha`, kisha `usermod -u 2005 asha`. Amri ya pili hubadilisha mwenye faili ndani ya saraka ya nyumbani, lakini haigusi zilizo kwingineko, nayo `groupmod` haigusi faili hata moja. Wengi hukomea hapa, na hilo ndilo kosa: huko /srv, `ls -l` huanza kuonyesha 1001 tupu mahali pa jina, na siku mtumishi mpya akipewa 1001, faili hizo zinakuwa zake. Zirekebishwe hivi:

`find / -xdev -uid 1001 -exec chown -h 2005 {} +`
`find / -xdev -gid 1001 -exec chgrp -h 2005 {} +`

Kwa kuwa `-xdev` haivuki mfumo mmoja wa faili, /home au /var ikiwa na sehemu yake ya diski itafutwe peke yake. Faili za NFS zirekebishwe kwenye seva inayozihifadhi, kwani root (akaunti kuu ya msimamizi) wa mashine nyingine kwa kawaida hana mamlaka juu yake.

Ruhusa zilizoorodheshwa zikisharudishwa, asha aingie upya na kuendesha `id`, naye msimamizi aendeshe `find / -xdev \( -nouser -o -nogroup \)`. Isipotoa mstari wowote, amjibu mwombaji kwamba ombi lake limetekelezwa.