Kutoka masijala hadi kiti cha jaji wa rufaa za mafao: mwongozo kwa wanasheria chipukizi wa Arusha na Moshi

Jaji anayesikiliza rufaa za mafao hamsikii askari akieleza jinsi goti lilivyoumia, wala hamwoni daktari aliyelipima. Anapewa jalada. Chochote atakachoamua kuhusu haki ya mtu huyo lazima kitoke humo. Kwa hiyo anayeitaka kazi hii ajifunze kusoma jalada mapema, awe bado yuko Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira pale Usa River au ni wakili mpya anayehangaikia wateja mjini Moshi. Uwezo huo hauji pamoja na joho.

Mfano wa kuutazama kwa makini uko Marekani. Mwaka 1988 ilitungwa sheria iliyounda mahakama ya shirikisho kwa ajili ya rufaa za wanajeshi wastaafu tu. Ina majaji saba wa kudumu, na sheria za muda zimeruhusu wafike tisa. Rais huwateua, Seneti huwathibitisha, na kila mmoja hupewa miaka 15. Kiti hicho hakiombwi kutoka Arusha, ila hukumu zake zinasomeka mtandaoni bila malipo, na ni darasa zuri.

Mstaafu wa huko huanza kwa kudai mafao katika wizara inayohusika na wanajeshi wa zamani. Akikataliwa anaweza kwenda kwenye bodi ya rufaa iliyomo humo humo wizarani, na bodi ikimkatalia ana siku 120 za kufika mahakamani. Mahakama haipokei ushahidi mpya. Haigusi matokeo ya bodi kuhusu ukweli wa mambo ila pale kosa linapoonekana wazi. Kinachokaguliwa sana ni sababu: sheria inaitaka bodi ieleze kwa nini imeukubali ushahidi huu na kuukataa ule. Bodi ikiruka cheti kimoja cha daktari bila kusema neno, shauri linaweza kurudishwa likaamuliwe upya. Kuna pia kanuni inayowapa wastaafu nguvu: ushahidi wa pande mbili ukikaribia kulingana, mashaka yanamwangukia mdai kwa manufaa yake. Huku kwetu mashauri ya madai huamuliwa kwa uzito wa ushahidi, na anayedai akishindwa kuuelemesha mzani upande wake, anashindwa. Usiihamishie kanuni ile katika hukumu ya Moshi bila sheria inayokuruhusu.

Tofauti nyingine inawapotosha wanafunzi wengi. Katika rufaa ya kwanza mahakama zetu zina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wao wenyewe. Ukiandika hukumu ya rufaa ya kwanza kama jaji wa mahakama ile ya Marekani, ukasema tu kwamba hujaona kosa la wazi, utakuwa hujafanya kazi yako.

Sasa njia yenyewe. Unahitaji shahada ya sheria, kisha mafunzo ya vitendo katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam. Ukitoka hapo unaweza kuomba kuapishwa kuwa wakili au kusubiri nafasi za mahakimu zinazotangazwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume hiyo. Ibara ya 109 ya Katiba inataka uwe na shahada ya sheria, na uwe umekuwa hakimu, au umefanya kazi ya utumishi wa umma ukiwa na sifa za uwakili, au umekuwa wakili wa kujitegemea, au una sifa za kusajiliwa kuwa wakili, na uwe umezishikilia sifa hizo mfululizo kwa miaka isiyopungua 10. Neno mfululizo lina uzito wake. Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na miaka 60, wa Mahakama ya Rufani akiwa na 65.

Kwa maoni yetu, miaka hiyo 10 ni bora kuianzia kwenye uhakimu kuliko kwenye ofisi kubwa ya mawakili. Hakimu huandika mwenendo wa shauri kwa mkono wake, na makosa yanayovunja rufaa huzaliwa katika mwenendo huo. Matatu yanajirudia. La kwanza ni shahidi kutoa ushahidi bila kiapo wala uthibitisho. Mahakama ya Rufani imefuta mienendo ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha migogoro ya kazi ambacho wengi hukiita CMA, kwa kosa hilo peke yake, na mfanyakazi aliyekwisha kushinda akarudi kuanza upya. La pili, mwamuzi au hakimu kutoweka saini mwishoni mwa ushahidi wa kila shahidi. La tatu, barua ya mafao au cheti cha hospitali kuingia katika jalada bila kupokelewa kama kielelezo: haina namba ya shauri, haina jina la aliyeitoa, tarehe ya kupokelewa haipo wala saini. Karatasi hiyo imo ndani ya jalada na si ushahidi, hata kama ndiyo iliyobeba haki yote ya mtu.

Kosa jingine hufanyika kabla jalada halijazaliwa, nalo ni kwenda mlango usio wako. Askari wa JWTZ, Polisi, Magereza na JKT hawamo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Ukimfungulia mwanajeshi mstaafu mgogoro wa mafao CMA, utatupwa kwa kukosa mamlaka huku siku zake zikiyoyoma. Akishamaliza ngazi za rufaa za ndani, uamuzi wa mamlaka ya umma huweza kupingwa Mahakama Kuu kwa mapitio ya kimahakama. Kibali huombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi, na kikipatikana maombi yenyewe hufunguliwa ndani ya siku 14. Kwa mfanyakazi wa kawaida ni vingine: kuachishwa kazi hupelekwa CMA ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60. Tuzo ya CMA, yaani uamuzi wake, huombewa marejeo (kupitiwa upya) Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki sita tangu ilipomfikia mwombaji. Kutoka hapo kwenda Mahakama ya Rufani ni kwa hoja ya kisheria tu.

Zoezi la kufanya kila wiki ni hili. Chukua uamuzi mmoja wa mgogoro wa kazi kutoka TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania. Kabla ya kusoma hoja yoyote, andika tarehe zote kwenye karatasi moja kwa mpangilio: siku ya tukio, ya kufungua, ya tuzo, ya kupokea tuzo, ya maombi. Kisha hesabu. Tuzo iliyopokelewa tarehe 3 Machi, siku hiyo haihesabiwi. Siku ya kwanza ni tarehe 4, tarehe 31 Machi ni siku ya 28, na ya 42 ni tarehe 14 Aprili. Ombi la tarehe 15 limechelewa, na bila ombi la kuongezewa muda jaji hafiki hata kwenye hoja ya kwanza. Karatasi hiyo ikikamilika, soma mwenendo au muhtasari wake, andika hoja zinazobishaniwa, na chini ya kila hoja andika ushahidi wa kila upande na ukurasa wake. Mwisho andika hukumu yako: maelezo mafupi ya shauri, hoja za kuamuliwa, uamuzi juu ya kila hoja, na sababu. Ndipo usome ya jaji. Mkitofautiana, tafuta ni ukurasa gani yeye aliuona wewe ukauruka.

Nenda pia ukakae mahakamani. Arusha kuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, Moshi kuna Mahakama Kuu, na Mahakama ya Rufani ikija kwa vikao majaji watatu huketi pamoja. Sikiliza maswali yao kwa mawakili. Mara nyingi la kwanza linahusu muda, hasa cheti cha ucheleweshaji, yaani cheti cha msajili kinachoonyesha siku zilizotumika kuandaa nakala za mwenendo. Taarifa ya kusudio la rufaa huwekwa ndani ya siku 30, na kumbukumbu za rufaa ndani ya siku 60 baada ya hapo. Siku za kusubiri nakala za mwenendo huweza kuondolewa katika hesabu, lakini kwa sharti: barua ya kuomba nakala iwe imeandikwa ndani ya siku 30 tangu hukumu, na nakala ya barua hiyo awe amepelekewa mjibu rufaa. Mawakili wengi huandika barua wakasahau kuipeleka upande wa pili. Wewe ipeleke siku hiyo hiyo, mpokeaji agonge mhuri na kuweka saini na tarehe, na nakala yenye mhuri iingie katika kumbukumbu za rufaa.