Siku moja Lisbon: anzia Belém, na usikose dhahabu ya Kilwa

Wengi wanaopita Lisbon kwa siku moja wanaishia kwenye foleni ya tramu namba 28, picha mbili tatu za mitaa ya milimani, basi jioni imefika. Kama wewe ni mtu wa Afrika Mashariki na historia ya pwani yetu unaijua hata kidogo, ipange siku yako tofauti kabisa, sababu huu mji una kitu chetu na kimewekwa wazi kila mtu akione.

Kwanza epuka Jumatatu, makumbusho mengi yanafungwa. Vaa raba ambazo soli haijaisha, maana njia za miguu zimetandikwa vijiwe vyeupe vinateleza vibaya sana hata kwa mvua ya rasharasha. Alafu nunua kadi ya Navegante kwenye mashine za stesheni ya metro, weka hela, unagusa unapita, metro, tramu, basi na treni kote inakubali.

Asubuhi mapema nenda Cais do Sodré upande treni ya kwenda Belém, mtaa wa kando ya mto, ni dakika chache tu, ila hakikisha ni ile inayosimama hapo maana za haraka zinapitiliza. Anza na monasteri ya Jerónimos kabla mabasi ya watalii hayajashusha watu. Walianza kuijenga 1501, na hela nyingi ilitoka kwenye kodi ya asilimia 5 ya biashara ya viungo na mali za Afrika na Mashariki, kwa hiyo unavyoshangaa yale mawe yaliyochongwa kama kamba za meli ujue yamelipiwa na nini. Kanisani hakuna kiingilio, ua wa ndani ndo wa tiketi, kata mtandaoni. Ukiingia tu kanisani angalia kushoto, kaburi la Vasco da Gama lile pale, amechongwa kalala mikono kifuani na ubavuni kuna jahazi. Huyu ndo aliyetia nanga Mombasa na Malindi Aprili 1498, na Malindi ndiko alikopewa rubani wa kumvusha mpaka India.

Ukitoka kanywe chai Pastéis de Belém, wanauza vile vikeki vya mayai tangu 1837. Foleni ya nje ni ya wanaobeba, we pita ndani ukakae, kuna vyumba vingi na vinafika vya moto, nyunyizia mdalasini. Mnara wa Belém utazame kwa nje inatosha.

Sasa hapa ndo penyewe. Panda tramu 15 kurudi mjini, shuka njiani uende makumbusho ya sanaa za kale, Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes (cheki kwanza mtandaoni kama wako wazi, huwa wanafunga kwa ukarabati), uliza ilipo Custódia de Belém. Ni chombo cha ibada cha Kikatoliki, cha dhahabu, kimekamilika 1506, na dhahabu yenyewe ni kodi aliyotozwa mtawala wa Kilwa pale Vasco da Gama alipokwenda na meli za mizinga 1502 akamlazimisha kulipa. Sogea karibu kabisa na kioo. Juu wapo mitume wamepiga magoti, wadogo, wamepakwa rangi, kila mmoja na uso wake, chini kwenye kitako kuna ndege na maua, na ukizunguka taratibu kufuata maandishi utalikuta jina la Kilwa limeandikwa kwa tahajia ya kwao, QVILVA. Kaa hapo, usiharakishe. Mwaka 1505 Wareno wakarudi Kilwa wakaupora mji wenyewe, na wengi wetu Kilwa Kisiwani penyewe hatujawahi kufika, jamani, mimi hiki chombo kinaniuma na ni kizuri mno, vyote kwa pamoja.

Mchana ukisogea nenda Rossio, pembeni kuna kanisa la São Domingos, liliungua 1959 na nguzo wameziacha na makovu ya moto. Nje yake wanapenda kukutana Waafrika, wa Guinea-Bissau wengi, utasikia Krioli.

Njaa ikiuma, mikate na zeituni wanazokuletea mezani bila kuagiza ni za kulipia, kama hutaki sema zirudishwe. Bifana ni nyama ya nguruwe, usije ukajichanganya. Halali ipo jirani tu Martim Moniz, mtaa wa Benformoso, Wabangladeshi wana biriani na chapati za maana.

Jua likianza kushuka panda kwa miguu mpaka Senhora do Monte, ngome na mto vyote unaviona toka pale, na ukiwa kwenye tramu yoyote siku hiyo simu na pochi weka mbele, wezi wapo. Kama una ndege usiku, toka Martim Moniz panda metro ya kijani, badilisha Alameda uingie nyekundu, inakufikisha uwanjani na inafanya kazi mpaka saa 7 usiku.