Duara likigeuka yai kwenye GeoGebra

Ukiandika x² + y² = 9 kwenye GeoGebra, programu ya kuchora grafu za hisabati, ukaona yai badala ya duara, usihangaike kukagua mlinganyo. Mlinganyo uko sawa. Ni mihimili ndiyo haina kipimo kimoja, uniti moja kwenye mhimili wa x hailingani kwa urefu na uniti moja kwenye mhimili wa y. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye grafu, tafuta uwiano wa xAxis na yAxis, chagua 1:1. Hata mistari y = 2x na y = -x/2, iliyoonekana kukutana kwa pembe isiyo sahihi, itakutana kwa nyuzi 90 kama inavyopaswa.

Ila kuna grafu ambazo uwiano huo unaziua. Jaribu y = x³ hadi x = 10: y inafika 1000! Hapo bonyeza Shift, shika mhimili wa y wenyewe, uburute mpaka mchoro uenee.

Kwa sin(x), ingia mipangilio ya mhimili wa x, sehemu ya umbali kati ya alama, weka π/2. Mimi siku hizi sifundishi sin bila hiyo. Kusoma kilele kwenye 1.57 badala ya π/2 ni kujitesa tu.