Somo: Namna ya kupekua makosa ya mwendelezo na matobo ya hadithi kwenye tamthilia ya kisayansi

Wengi wetu tukiona kitu hakikai sawa kwenye tamthilia, tunakimbilia kusema hadithi imetoboka, yaani kisa chenyewe kina pengo lisiloeleweka. Mara nyingi haijatoboka. Ni nguo tu imebadilika kati ya picha moja na nyingine, na mwandishi wa hadithi wala hahusiki. Tuzitenganishe leo kwa kupekua sehemu moja tu: The Enemy Within ya Star Trek ile ya kwanza kabisa, tamthilia ya televisheni kuhusu chombo cha angani na watu wake, iliyorushwa na NBC ya Marekani tarehe 6 Oktoba 1966. Nimeichagua kwa kuwa ina kasoro za kila aina, na pamoja na hayo ni sehemu nzuri mno.

Kisa kwa ufupi: mtambo wa kusafirisha watu unapata hitilafu na Kepteni Kirk, mkuu wa chombo, anarudi chomboni akiwa watu wawili, mmoja mpole asiyeweza kuamua lolote, mwingine mkali asiyejizuia. Wakati huohuo Sulu, mmoja wa maofisa wake, na wenzake wamekwama kwenye sayari ambayo usiku baridi yake hufika nyuzi 120 chini ya sifuri.

Hatua ya 1. Tazama yote bila kusimamisha. Kinachokusumbua ukiwa umezama kwenye kisa ndicho kizito.

Hatua ya 2. Rudia ukiwa umezima sauti. Bila maneno, jicho linaona vitu. Kwenye sini za mwanzo, Kirk akirudi kutoka kwenye sayari, nembo ya kifuani haipo, baadaye ipo. Kisha mfuatilie Kirk mkali baada ya Rand, msaidizi wake wa kike, kumkwaruza usoni: mikwaruzo inahama kutoka shavu moja kwenda jingine. Hapo picha iligeuzwa kulia-kushoto wakati wa kuhariri. Ukishuku jambo kama hilo popote, angalia upande zilikochanwa nywele, nao utakuwa umegeuka. Haya ni makosa ya mwendelezo. Hayagusi kisa hata kidogo.

Hatua ya 3. Andika kanuni ambazo sehemu yenyewe imezitaja. Hapa wanaangukia wengi. Mtu anauliza, mbona hawakuwashushia akina Sulu vifaa vya kupashia joto? Walishusha. Vikajigawa viwili kama Kirk na havikufanya kazi, na jambo hilo linatamkwa waziwazi. Usilete shtaka lililokwisha kujibiwa.

Hatua ya 4. Tafuta tarehe, ya kurekodiwa na ya kurushwa. Kwenye Where No Man Has Gone Before, sehemu nyingine ya Star Trek hiyohiyo, kuna kaburi lililoandikwa James R. Kirk, wakati sote tunamjua kama James T. Kirk. Sehemu hiyo ilirekodiwa 1965 kama jaribio, ikarushwa ya tatu, Septemba 1966. Hata sare zake ni tofauti na za sehemu zilizoitangulia hewani. Jina lilikuwa bado halijatulia.

Hatua ya 5. Lizibe tobo, uone kama hadithi inabaki vilevile. Ikibaki, ni kosa la mwendelezo; ikibadilika, ni tobo la kweli. Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. Swali kubwa la The Enemy Within ni hili: kwa nini hawakutuma chombo kidogo kikawachukue akina Sulu? Chombo hicho, Galileo, tulikiona mara ya kwanza tarehe 5 Januari 1967. Mtazamaji wa Oktoba hakuwa na cha kulalamikia. Mtazamaji wa leo anacho. Sasa lizibe tobo hilo: Sulu anafuatwa, anaokolewa. Kirk hana tena haraka ya kuunganishwa, saa haimkimbizi, na uoga wa yule mpole hauhatarishi maisha ya mtu. Nusu ya mvutano imeondoka. Kwa hiyo hili ni tobo la kweli, ila ni la mfululizo mzima kuliko la sehemu hii. Sentensi moja tu, kwamba dhoruba hairuhusu chombo kutua, ingetosha kulifunga. Inafaa kujua pia kwamba mwandishi, Richard Matheson, hakuwa ameweka watu waliokwama kwenye hadithi yake; waliongezwa baadaye.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Kwenye The Enemy Within, yule mnyama aliyegawanywa na mtambo kama Kirk alipounganishwa alikufa. Mbona Kirk hakufa?

Marahaba. Irudie sini ya Spock, msaidizi mkuu wa Kirk, na daktari McCoy. Spock anaamini mnyama aliuawa na hofu, kwa kuwa hakuelewa kinachompata, ilhali Kirk ana akili ya kuelewa. McCoy hana uhakika. Unaweza kuiona sababu hiyo ni nyepesi, lakini imetolewa, kwa hiyo si tobo.

Kaka, kwenye filamu ya 1982, Star Trek II: The Wrath of Khan, adui Khan anamtambua Chekov, ofisa wa chombo, na Space Seed, sehemu ambayo Khan alikutana na akina Kirk, ilirushwa Februari 1967 kabla Chekov hajaanza kuonekana. Hili nalo?

Chekov alianza kuonekana Septemba 1967, msimu wa pili, kwa hiyo waandishi waliteleza kweli. Lakini lizibe uone: chombo kina watu zaidi ya 400, naye angeweza kuwa zamu nyingine siku zile. Kisa cha filamu hakitikisiki. Mimi naliweka kwenye makosa ya mwendelezo.

Je, kubadilishwa mwigizaji wa mhusika nako tuhesabu?

Hapana. Labda hadithi yenyewe iwe inategemea sura yake, mfano mtu anatambuliwa kwa picha ya zamani. Hapo lete, tupekue pamoja.