Jinsi ya kufufua bustani ya kiwandani, yaani ua wa ndani, kwenye nyumba ya mawe hapa Lamu bila kuiharibu nyumba

Watu wengi wakipata nyumba ya zamani hapa mjini, iwe ni ya urithi au mwenyewe yuko mbali kakuachia uiangalie, cha kwanza wanachokimbilia ni kupanda, mgomba pembeni, bogonvilia kwenye ukuta, mwarubaini katikati ya kiwanda ati upatikane kivuli, halafu miaka michache mbele plasta inabambuka, boriti zinaoza vichwa na hela ya fundi haipatikani. Mi nasema kwenye nyumba ya mawe bustani inaanza na ukuta na maji, mimea inakuja mwisho kabisa, na ukilishika hilo mengine yote yatakunyookea.

Kwa hiyo kaa na nyumba kwanza. Piga picha kila pembe kwa simu, kabla hujang'oa hata gugu moja. Angalia jua linaingia saa ngapi na linagusa wapi, manake kiwanda kina kuta ndefu pande zote na jua linaweza kuwa la saa chache tu za mchana, na upande linakopiga wakati wa kaskazi sio linakopiga wakati wa kusi. Waulize wazee wa mtaa pia, hasa kina mama, kisima kilikuwa wapi, maji ya mvua yalitokea wapi, palikuwa na mti gani. Majibu yao yaandike.

Waingereza wana majumba yao ya kimwinyi ya zamani yenye bustani ambazo watu wanatoka mbali kwenda kuziona, na wao pia hawaanzi na maua. Sissinghurst kule Kent, mwandishi Vita Sackville-West na mumewe Harold Nicolson waliinunua 1930 ikiwa imechakaa na kujaa takataka, wakaziacha kuta zake za matofali za zamani zisimame na wakapanga bustani kufuata kuta hizo, kila sehemu ikawa kama chumba na tabia yake. Hidcote kule Gloucestershire, iliyonunuliwa 1907, Lawrence Johnston alifanya mtindo huohuo lakini kwa kutumia uzio wa miti hai iliyopunguzwa vizuri badala ya kuta. Zote mbili leo zinatunzwa na National Trust, shirika lao la kutunza majumba ya kale, Hidcote tangu 1948 na Sissinghurst tangu 1967. Hapo pana la kujifunza, kwamba jengo ndilo linaloamua bustani ikae vipi. Na sisi nyumba zetu tayari zimepangwa hivyo, unatoka daka, yaani baraza ya mlangoni, unaingia tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, unatokea kiwandani, ndio uione misana, zile kumbi ndefu za kukaa, na kule ndani, kila hatua ina faragha yake zaidi ya iliyopita, basi na mimea ifuate mpango huo. Ila nyasi zao tusiziige jamani! Maji matamu ya mji huu yanatokana na mvua inayohifadhiwa chini ya michanga ya Shela hapo jirani, na kuyamwagia nyasi za kutazama tu ni kuwanyima watu maji.

Jambo la ofisini nalo ulimalize mapema. Mji wa Kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo ukitaka kuchimba kiwanda, kugusa sakafu ya zamani au kutoboa ukuta, pita kwanza kwa watu wa Makumbusho ya Taifa uwaeleze. Na ukichimba ukakuta vipande vya vyombo vya kale usivitupe na kifusi, simamisha kazi uwaonyeshe.

Sasa ukuta. Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa, zinanyonya maji na zinayatoa, ndivyo zilivyojengwa. Ukimwagilia mmea uliobanwa na ukuta maji yanapanda ndani ya mawe na chumvi inapanda nayo, maji yakikauka chumvi inabaki kwenye plasta, inatuna, inaisukuma nje. Utaona kwanza unga mweupe, ukiupitishia kidole unatoka, halafu plasta inavimba na ukiigonga inalia uwazi. Watu wakiona hivyo wanapiga simiti juu na hapo ndio wanaumaliza ukuta, manake simiti inayafungia maji ndani na yanatafuta njia ya juu zaidi mpaka yafike kwenye boriti. Toa plasta iliyokufa, acha ukuta ukauke vizuri, kisha umpe fundi anayejua chokaa airudishie kwa chokaa na mchanga uliooshwa chumvi. Chokaa haitaki haraka, plasta mpya ifunikwe magunia yaliyoloweshwa isikaushwe na upepo ikapasuka. Tangu hapo iwe sheria ya nyumba kwamba kitu chochote kinachomwagiliwa kinakaa dhiraa moja (kama nusu mita) au zaidi kutoka ukutani. Na zile zidaka za ndani, yaani vishubaka vya ukutani, zilizochorwa nakshi sio mahali pa vyungu vya maua, hata kimoja, hata cha plastiki.

Halafu maji. Mimina ndoo moja katikati ya kiwanda uangalie yanaelekea wapi. Sakafu za zamani zina mteremko kidogo hadi kwenye tundu la kutolea maji, na mara nyingi utalikuta limezibwa na udongo au na fundi fulani wa juzijuzi. Lizibue kabla ya masika. Maji ya kisima yaonje kwa ulimi, yakiwa na munyu rehani na mawaridi hayatakaa, bora ukinge ya mvua, au tumia yale ya kuoshea mchele na mboga. Kama nyumba ina birika la zamani liache na samaki wake wadogo, wao ndio wanaomaliza viluwiluwi vya mbu. Visahani vya chini ya vyungu lakini havina samaki, vimwage kila siku.

Udongo wa kiwandani usiutegemee, umejaa chokaa na vipande vya mawe, na chokaa ikizidi mmea haupati chuma hata kama kipo, ndio unaona mdimu una majani ya manjano na mishipa ya kijani na mtu anauongeza mbolea bure. Panda kwenye vyungu, mitungi iliyopasuka au madebe yaliyotobolewa chini. Weka makumbi ya nazi chini yashike unyevu, kisha udongo wa shamba uchanganye na samadi ya punda, ambayo hapa kwetu ukiitaka ni kuinama tu kuiokota. Ila iache ioze kwanza miezi miwili mitatu chini ya majani, mbichi inaunguza mizizi na inaleta magugu.

Tukifika kwenye mimea sasa ndio raha. Asumini kwangu mimi ndio malkia, lakini inataka jua la kutosha, kwa hiyo kama kiwanda chako kina giza ipeleke juu darini, kwenye paa la bapa. Huko angalia uzito, boriti haivuki hata mita tatu na udongo ukilowa ni mzito sana, vyungu vipange kufuata mstari wa ukuta unaobeba dari, visimame juu ya mawe ili maji yapite chini, na usiviweke katikati ya dari kamwe. Kuizalisha ni rahisi, laza tawi refu chini kwenye chungu kingine, lifukie kifundo kimoja, weka jiwe juu, likishika mizizi ulikate. Ikimaliza kutoa maua ipunguze, manake maua yanakuja kwenye machipukizi mapya. Kina mama wanaouza vikuba, vile vishada vya maua ya kujipambia, huchuma zikiwa bado zimefumba, alasiri hivi, wanazifunga kwenye kitambaa kibichi na zinafumbuka zenyewe jioni zikiwa tayari zimetungwa. Kule Sissinghurst wana bustani ya maua meupe tupu inayopendeza zaidi jua likizama, na sisi asumini baada ya Magharibi ndio inaanza kazi, basi iweke upande ambao upepo utaipitisha kwenye msana watu walikokaa.

Kwenye kivuli panda kilua. Ni mti wa pwani yetu wenyewe, umezoea kuota chini ya miti mikubwa, mizizi yake haina fujo na harufu yake inajaza nyumba nzima. Unakua polepole, uvumilie. Rehani ikate vichwa kabla haijatoa mbegu, ikishazaa imechoka. Mkomamanga unakaa vizuri kwenye chungu kikubwa na unavumilia ukavu, na mwaridi weka mmoja tu kama maji yako ni matamu. Mlangilangi na mkadi ni wa shamba, mwarubaini na mkungu usivilete kabisa ndani ya nyumba ya mawe.

Paka nao wataufanya udongo mpya kitanda au choo. Tandaza juu yake vijiti vya mdimu vyenye miiba, watahamia kwa jirani.

Adui mkubwa kuliko wote hupandi wewe, ni mikuyu inayoletwa na ndege. Kijimche kinatokea kwenye ufa wa ukuta kikiwa na majani mawili na watu wanakiona kizuri wanakiacha. Nenda Gede pale karibu na Malindi uone mizizi ilivyozikumbatia kuta, wageni wanaipiga picha lakini ule ndio mwisho wa nyumba isiyo na mtu. Kikiwa kidogo king'oe na mzizi wake mvua ikinyesha ukuta ukiwa laini. Kikishakuwa kinene usikivute, utaondoka na mawe, kikate usawa wa ukuta na uendelee kukata kila kikichipua mpaka kife, kisha fundi aujaze ufa kwa chokaa.

Kupanda panda mwanzoni mwa masika, mvua ikusaidie kazi. Kusi likivuma kali vyungu vya darini vinavyotazama bahari visogeze nyuma ya ukuta na majani uyasuuze kwa maji matamu, chumvi inayachoma. Wakati wa kaskazi mwagilia alfajiri, chunguni tu, na kama unasafiri muonyeshe mtu kwa mkono kila chungu kinachukua kopo ngapi, ukimwambia tu "nimwagilie bustani" ukirudi utakuta kachukua paipu akaosha na kuta.